Kufuata basi la 1963: Dallas hadi Quartzsite, na kurudi kwa barabara

Tangu niweke picha ya basi kwenye status, simu haijapumzika. Wa Tanga wanauliza litapiga njia gani, wa Dallas wanauliza nimelipa ngapi, na mama yangu mzazi ameuliza moja tu: choo kiko wapi? Basi nimekaa na yale niliyokuwa nayachapa kwenye simu kila jioni, nikachanganya na picha za shemeji yangu, ambaye hupiga picha hata nati, nimeipanga safari siku kwa siku. Bei zote ni dola za Marekani.

Tulichokuwa tunakitafuta ni GM (General Motors) PD-4106, basi la abiria la masafa marefu lililotengenezwa Pontiac, Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hiyo 41 ni hesabu ya viti. Kampuni ya mabasi ya Greyhound waliyatumia sana, na yalipostaafu watu wakang'oa viti wakaweka vitanda na majiko. Halina chasi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ya aluminiamu, iliyopigwa ribiti mwanzo hadi mwisho, ndiyo inayobeba mzigo. Injini iko nyuma, imewekwa kwa upana wa gari: Detroit 8V-71, dizeli ya mipigo miwili, silinda nane, kila moja inchi za ujazo 71, jumla lita 9.3.

Mimi ni dereva wa lori, breki za upepo nazijua. Injini za umri huu sizijui, ndiyo maana nilimchukua shemeji. Ufundi aliuanza Mombasa, kwenye boti na jenereta za bandarini zilizokuwa na Detroit hizo hizo. Siku hizi ana gereji ndogo Fort Worth.

Alhamisi, Januari: Dallas – Phoenix

Tiketi 118 kila mtu, begi la vifaa 40 juu yake. Spana ikizidi inchi saba hairuhusiwi kupanda nawe kwenye kabini, kwa hiyo usibishane nao, lipia begi liende chini. Tulibeba tochi mbili, kioo kidogo chenye mpini mrefu, bisibisi kubwa, chaki, ovaroli, kipande cha turubai cha kulalia, na chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni. Hiyo chupa ya sabuni isiachwe nyumbani. Mtaona.

Phoenix tulifikia kwa familia ya Wakongo wa Uvira ambayo hatukuwa tunaijua hata kwa sura. Dereva mwenzangu aliwapigia simu, akasema tu, “Kuna Waswahili wawili wanakuja kununua basi.” Ikatosha. Mama mwenye nyumba alitupakulia bukari (ugali), sombe (kisamvu) na makayabu (samaki wa chumvi), na kila nikijifanya nimeshiba anasema, “Mukule, ba-papa, iko mingi.” Mumewe alituuliza mara mbili kama ni kweli tunanunua basi la mwaka 1963 kwa hiari yetu.

Ijumaa: Mesa, basi la kwanza

Kabla ya kwenda Quartzsite, mji mdogo wa jangwani Arizona lilipokuwa lile GM, nilitaka tuone jingine lililokuwa karibu, si GM, la miaka ya sabini, lenye fremu ya chuma. Picha zake ndizo zilizokuwa zimemteka mke wangu: kabati za mbao zilizopigwa vanishi, sinki la shaba, taa zinazobadilika rangi. Bei 38,000.

Muuzaji alitupokea injini ikiwa inaunguruma tayari, eti ametupashia moto. Shemeji akaweka kiganja kwenye bloku, akanitazama, hakusema kitu. Injini ya dizeli iliyochoka huonyesha ugonjwa wake inapoamka baridi: inagoma, inatoa moshi mweupe, inagonga. Ukiikuta imeshachemka, hukuikagua.

Tukaingia chini. Kwenye nguzo za fremu karibu na ekseli ya nyuma palikuwa na rangi nyeusi mpya, nzuri, bado inanuka. Shemeji akabonyeza bisibisi pale taratibu, kwa mkono mmoja, wala hakugonga. Ikazama mpaka mpini. Akaichomoa, vumbi la kutu likamwagikia kifuani kwake pamoja na vipande vya rangi. Akasogea nusu mita, akabonyeza tena. Ikazama tena.

“Shemeji, lile jiko umelipenda?”

“Nimelipenda.”

“Basi nunua jiko.”

Tukashukuru, tukaondoka. Saa nne asubuhi tulikuwa tumeshamaliza.

Jambo moja kwa watakaokagua mabasi haya: mengi yamekalia mabelo, yaani mifuko ya mpira iliyojaa upepo, si springi za chuma. Belo likipasuka au upepo ukivuja, basi zima linashuka ghafla. Watu wamekufa hivyo. Jeki peke yake haitoshi. Usipeleke hata kichwa chini kabla ya kuweka magogo imara au stendi kwenye sehemu zinazokubali uzito. Muuzaji asipokuwa na magogo, nenda ukayanunue.

Jumamosi: Phoenix – Quartzsite

Maili kama 125 za barabara kuu ya I-10 kuelekea magharibi, jangwa kushoto na kulia. Mdogo wake mwenyeji wetu alitupeleka kwa gari lake. Tulimjazia mafuta, 38, na posho akakataa.

Quartzsite wakati wa kiangazi ni mji wa joto na watu wachache. Januari ni kitu kingine kabisa: wazee kutoka majimbo ya baridi na kutoka Kanada wamejaa jangwani na nyumba zao za magurudumu mpaka macho yanachoka, wengine kwenye ardhi ya serikali ambapo unaweza kukaa siku 14 bila kulipa. Hoteli ni chache na zilikuwa zimejaa. Kama unakwenda msimu huo, panga mahali pa kulala mapema.

Muuzaji wetu ni bibi wa miaka 78, mjane. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa mabasi, na baada ya kustaafu ndiye aliyeligeuza hili nyumba kwa mikono yake. Bibi analiuza kwa sababu goti lake halikubali tena klachi. Anataka 22,000.

Kwa macho, basi halivutii. Aluminiamu imefifia, mapazia ya kahawia, jiko la 1982 hivi. Ila neno la kwanza la bibi baada ya salamu lilikuwa, “Sijaliwasha tangu jana asubuhi. Gusa mwenyewe.” Shemeji akagusa. Baridi kama jiwe la mtoni. Ameshaanza kumwita Mama.

Injini iliamka kwenye mshindo wa pili. Moshi ukatoka, ukapungua, baada ya dakika chache ukabaki ule mwembamba. Oili inavuja chini, lakini injini hizi huvuja zote. Shemeji alisema angeona kavu kabisa angeuliza kama oili imo. Jambo la kuuliza ni oili gani inatumika. Hizi Detroit za mipigo miwili zinataka oili nzito ya daraja moja, SAE 40. Ukisikia mwenye gari anajivunia 15W-40 ya malori ya kisasa, anza kuwa na wasiwasi. Bibi akaleta daftari la mumewe: kila badiliko la oili, kila hosi, kila taa iliyoungua, kwa penseli, na maili pembeni. SAE 40, ukurasa baada ya ukurasa.

Kisha kikaja kile nilichokuwa sijawahi kukiona. Injini ilipopoa, shemeji alifungua vifuniko vidogo vya chemba ya hewa ubavuni mwa bloku. Katika injini hizi hewa huingia silinda kupitia matundu yaliyozunguka laina (ukuta wa silinda), kwa hiyo ukizungusha injini polepole unaziona pistoni na ringi zake kwa macho, bila kufungua hedi. Tukashika zamu, mmoja tochi, mmoja kioo. Pistoni inapanda, ringi inatokea kwenye tundu, inang'aa, haina michirizi. Anaibonyeza kwa ncha ya bisibisi, inarudi yenyewe. Ringi iliyovunjika hairudi. Alikwenda silinda kwa silinda, za upande unaofikika, na kwa kila moja akaweka alama ya chaki kwenye bampa. Ilimchukua muda mrefu na hakutaka kuongeleshwa.

Akakagua pia kile kibati cha dharura kwenye njia ya hewa. Dizeli hizi zikipoteza udhibiti wa mafuta zinaweza kukimbia zenyewe mpaka zivunjike, na kukata swichi hakusaidii. Kibati kikifunga hewa, zinakufa. Springi yake ilikuwa imeshikana na uchafu. Alikisafisha na kukijaribu kwa mkono injini ikiwa imezimwa, maana kukifunga ikiwa kwenye mzunguko mkubwa huweza kunyonya sili za bloa, ile pampu inayoisukumia injini hewa.

Jioni bibi akatuambia, “Laleni humo humo. Mtu hajui nyumba mpaka ailale.” Hoteli imepatikana, bure.

Jumapili: jangwani

Tulilala kwa baridi, na nitasema kwa nini. Kabla ya kuwasha hita ya gesi, nilinyunyizia sabuni kila maungio ya bomba la propeni. Nyuma ya jiko pakatoa povu dogo, linavimba na kupasuka, linavimba na kupasuka. Tukafunga mtungi nje, tukavaa makoti. Usiku Quartzsite mwezi huo baridi inazidi ya Lushoto, na mimi nimeshazoea hita.

Asubuhi breki. Injini ikajaza upepo mpaka geji ikasimama karibu na pauni 120, nikazima. Kipimo tunachofundishwa madereva wa malori: gari moja lisilo na tela lisipoteze zaidi ya pauni 2 kwa dakika breki zikiwa wazi, wala zaidi ya 3 ukizikanyaga, na ukipunguza upepo kwa kukanyaga na kuachia, kengele ilie kabla ya 55. Kengele ililia vizuri. Lakini kwa kukanyaga tulipoteza 5. Chupa ya sabuni tena: chemba ya breki ya nyuma kulia, diaframu.

Matairi yana kashata nzuri, mtu angedanganyika. Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Haya ya mbele yalikuwa yamevuka miaka kumi na mipasuko midogo ubavuni.

Umeme wa nyumba ndio ulionikera kuliko vyote. Paneli za jua ziko sawa, lakini baada ya kufa mzee kuna mtu alimuongezea bibi soketi kwa kusokota nyaya na kuzungushia utepe mweusi, ndani ya ukuta wa mbao. Wa Tanga mnazijua nyumba zilizoungua hivyo.

Bibi akasema sasa ni zamu yake kunikagua mimi. Akaketi kiti cha pembeni na mkoba mapajani, tukatoka kuelekea Ehrenberg, kwenye Mto Colorado, ili tupande ule mlima wa katikati. Gia ni nne tu, hazina sinkro; ya rivasi inaingia kwa swichi. Kati ya gia na gia kuna pengo kubwa, unakanyaga klachi, unatoa, unasubiri injini ishuke, unakanyaga tena. “Usitazame mkono,” bibi akaniambia, “sikiliza nyuma.” Kufika kileleni joto lilikuwa limepanda kidogo tu, na marehemu alikuwa ametega vijinozeli vya kunyunyizia rejeta maji, vinawashwa kwa kitufe cha dashibodi. Kurudi nilizipata gia zote. Bibi akanyamaza, shemeji akasema huko nyuma kwa Kiswahili, “Umefaulu, shemeji, usianze kutabasamu, bei itapanda.”

Mchana tulipita makaburini kumwona Hadji Ali, ambaye kibao kinamwandika Hi Jolly. Aliletwa na jeshi la Marekani miaka ya 1850 kuchunga ngamia walionunuliwa kujaribiwa kwenye majangwa haya, akafia hapa mwaka 1902. Kaburi lake ni piramidi ya mawe, juu yake ngamia wa shaba. Shemeji alivua kofia ya gereji, akavaa ile aliyokuwa nayo mfukoni, akasoma Fatiha.

Bei tulijadili mezani, kwa mayai na mkate wa bibi. Shemeji alisoma orodha yake: matairi, diaframu, gesi, nyaya. Bibi hakupinga hata kimoja, akapunguza 2,000. Tukala. Shemeji akataja 15,000. Bibi akacheka, akaongeza kahawa, akasema mumewe angetufungulia mlango. Tulipofika 17,500 wote tukanyamaza muda mrefu. Mwishowe akaandika 16,500 kwenye jalada la daftari na kulisukuma kwangu, pamoja na sanduku la vipuri vya mzee: nozeli, stata, hosi, filta mbili za dizeli.

Jumatatu: makaratasi, kisha Phoenix

Hati ya umiliki ilisomeka nyumba ya magurudumu, si basi. Hilo litazameni kabla ya nauli. Hati ikisema basi, bima na usajili vinageuka shughuli nyingine. Linganisheni pia namba ya hati na ya kibati kilichopigwa kwenye gari. Saini ya muuzaji iligongwa muhuri na mthibitishaji, nikampa bibi hundi ya benki, na kibali cha muda cha barabarani tukakipata siku hiyo hiyo. Bima ilinichukua saa mbili za simu: walitaka picha ya kitanda, ya jiko na ya choo. Choo, mama, kiko nyuma kulia.

Matairi mawili mapya ya mbele, 870 na kufunga. Diaframu 45, shemeji akaifunga mwenyewe. Saa kumi jioni tukaondoka. Bibi alitupungia kwa daftari, halafu akakumbuka, akakimbia kadiri goti lilivyomruhusu, akalipitisha dirishani. Phoenix tuliingia usiku na mtaa mzima wa Wakongo ukatoka kupanda basi.

Jumanne: Phoenix – Deming

Tucson ilipita bila la kusimulia. Baada yake barabara inapanda mpaka Texas Canyon, penye mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana. Pumzikeni pale, pana choo na maegesho mapana. Upande wa Lordsburg kuna mabango ya tufani za vumbi yanayokuambia ukitoka barabarani uzime hadi taa, uondoe mguu kwenye breki, ili wa nyuma asikufuate akidhani uko njiani.

Kabla ya Deming nguvu zikaanza kukatika. Dizeli iliyokaa tangini inaota utelezi mweusi, na mtikisiko wa barabara unauchokoa kuupeleka kwenye filta. Tukasimama pembeni mwa barabara, shemeji akaijaza filta mpya dizeli safi hadi mdomoni kabla ya kuifunga, ndivyo zinavyotaka, ikawaka. Baada ya maili ishirini, tena. Filta ya pili. Ya tatu hatukuwa nayo.

Aliyesimama ni mzee mwenye pikapu iliyojaa magunia matupu ya vitunguu. Kiingereza chake kichache, Kihispania chetu hakuna. Akaiangalia filta mkononi mwa shemeji, akafungua mlango wa abiria. Walifika duka la vipuri Deming likiwa linafungwa; mzee akaingia kwa mlango wa nyuma, wanamjua. Wakarudi na filta sita, 96. Hela ya mafuta hakupokea, akatuachia na mfuko wa pilipili nyekundu kavu. Beba filta sita tangu mwanzo, na ndoo.

Tulilala kwenye maegesho ya malori, bure, kuoga 15.

Jumatano: Deming – Odessa

El Paso tuliivuka kabla ya foleni. Sierra Blanca kuna kizuizi cha walinzi wa mpaka, magari yote ya kuelekea mashariki yanaingia. Wahamiaji wenzangu, tembeeni na karatasi zenu halisi, si picha ya simu. Afisa alitazama kadi yangu na pasi ya shemeji, mbwa akazunguka basi, kisha akauliza ni la mwaka gani na kama bado lina Detroit. Dakika tano. Kufika Van Horn saa inaruka mbele moja, kwa hiyo chakula cha mchana tukala saa tisa: wali uliobaki, dagaa wa kopo na ile pilipili ya Deming, ambayo ilimnyamazisha shemeji hadi Pecos.

Filta tulibadilisha moja tu siku nzima.

Alhamisi: Odessa – Fort Worth

Pampu za mafuta, mitambo ya upepo, Abilene. Maili 60 kwa saa, malori yanatupita yakipiga honi, na mimi nawajibu.

Safari yote ya kurudi ni kama maili 1,200, na dizeli ilikula 527: karibu maili nane kwa galoni, yaani kilomita tatu na nusu hivi kwa lita. Ukijumlisha basi, matairi, nauli, filta, vibali na chakula, imefika 18,600 na ushee, bima mbali.

Mtaani kwetu hairuhusiwi kuegesha gari la urefu huu, kwa hiyo liko yadi ya kukodi, 95 kwa mwezi. Mke wangu amelikagua kwa saa nzima, akafungua kila kabati, akataka mapazia ya kahawia yaondoke leo. Nimemwomba asubiri. Jumamosi shemeji anakuja tuoshe tangi na tung'oe nyaya zote za ukutani, na mpaka hapo hakuna anayelala ndani wala kuwasha gesi.